Kila Mtu Afutiwe Shindano Moja

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha hesabu shule ya msingi, nimepanga chumba mtaa wa Migosi, Kisumu. Jumapili moja kila mwezi, nikitoka kanisani, nilishuka hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuandika matokeo ya mbio za mashua za tanga. Wavuvi waliniomba mimi kwa kuwa sikuwa na mume wala ndugu majini, basi hakuna ambaye angesema nampendelea mtu wangu.

Mashua zilikuwa nane. Sheria niliitunga mwenyewe: wa kwanza pointi moja, wa pili mbili, hivyo hivyo hadi wa nane, na asiyekuja anaandikiwa tisa. Mwisho wa mashindano sita tunajumlisha, na mwenye pointi chache kuliko wote ndiye bingwa wa msimu. Niliiona ni haki tupu.

Msimu wa kwanza ukaniumbua. Kulikuwa na mvuvi mmoja mwembamba, mkimya, ambaye alikuja mara tano akashinda mara nne, na ile moja akawa wa pili. Shindano la sita hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwao akimzika mama yake. Nikamwandikia tisa. Jumla yake ikawa kumi na tano. Mwenzake, fundi wa nyavu mwenye kicheko kikubwa, alikuwa na kumi. Fundi akapewa zawadi, sufuria kubwa mpya iliyofungwa utepe. Yule mkimya alimpigia makofi. Mimi nilirudi Migosi nimenyong'onyea.

Kabla ya msimu wa pili niliwaita wote ufukweni, nikawaambia sheria yangu hainiridhishi.

"Tuhesabu ushindi tu," akasema mmoja. "Aliyeshinda mara nyingi, basi."

Mama mmoja muuza samaki, ambaye mashua ya mumewe ilizoea kufika ya nne au ya tano, akaweka beseni chini. "Na sisi ambao hatujawahi kuwa wa kwanza? Tutakuja kufanya nini hapa, kuwasindikiza?"

Mwingine akataka aliyefiwa, mwenye matanga nyumbani, asamehewe. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Matanga ya nani? Ya mama, sawa. Ya shangazi je? Ya shemeji? Na mwenye malaria, alete cheti cha daktari? Mzee mmoja akasema mwaka ule pekee alikuwa amezika watu watano, na kama ni kusamehewa, basi yeye apewe ubingwa hapo hapo. Watu wakacheka, lakini suluhisho hatukuwa nalo.

Yule mama ndiye aliyelipata. "Mwalimu," aliniambia, "usimuulize mtu kwa nini hakuja. Kila mtu ana siku yake mbaya. Mfutie kila mtu hiyo moja, mbaya kuliko zote, kisha hesabu zilizobaki."

Mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwa nimelifikiria hilo.

"Zifutwe mbili," akadakia kijana mmoja.

"Mbili hapana," akasema fundi wa nyavu. "Mtu atashinda mapema halafu akae nyumbani. Moja inatosha." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hebu piga hesabu ya mwaka jana kwa hiyo sheria."

Nilijua itatoka nini, nikasita. Akasisitiza. Nikachukua chaki, nikaandika ubavuni mwa mashua iliyokuwa imepinduliwa ili itiwe lami. Fundi akifutiwa shindano moja aliloandikiwa pointi mbili, anabaki na nane. Mkimya akifutiwa ile tisa, anabaki na sita.

Fundi alizisoma zile tarakimu. Akamwendea mwenzake. "Omera, ndugu yangu, ile sufuria ni yako. Lakini mke wangu ameshaipikia mwaka mzima. Imeungua chini."

"Ulishinda kwa sheria tuliyokubaliana wote," yule mkimya akajibu. "Mimi nitakuja kula tu."

Akaenda kweli, Jumapili iliyofuata, na mimi nikaalikwa. Tulikula samaki aina ya ngege, wa mchuzi, na ugali, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumzia mama yake, jinsi alivyomfundisha kushona tanga kwa magunia ya unga. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, na haikuwa kawaida yake.

Sheria ile tuliitumia misimu yote iliyofuata. Msimu wa pili bingwa hakuwa fundi wala mkimya. Alikuwa mume wa yule mama muuza samaki; mume huyo hakushinda hata shindano moja lakini alikuwa wa pili karibu kila mara. Mke alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Tuliendelea hivyo mpaka katikati ya miaka ya tisini, magugu maji yalipoziba ghuba na mashua zikashindwa hata kutoka ufukweni.

Darasani nako nilianza kumfutia kila mwanafunzi jaribio moja baya katika muhula, bila kuuliza lilikuwa baya kwa nini. Mwalimu mkuu alinung'unika, kisha akazoea. Nikiwakumbuka watu wale wa Dunga nawashukuru kwa moyo wote. Walinipa kazi ya kuwahesabia, na wakanivumilia nilipokuwa sijajua kuhesabu.