Nilikwenda Birmingham Kuifuta Hadithi ya Mheshimiwa Nzuki

Mwaka wa 2018, mwezi wa Februari, binti yangu Ndunge alinipigia simu kutoka Birmingham akicheka. Mjukuu wangu Mumo, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanguka shuleni. Walipomlegezea nguo walimkuta amejifunga tai ya shule tumboni, juu ya ngozi, imekaza. Alikuwa hajala chakula cha mchana tangu Krismasi. "Mama, mjukuu wako ni Nzuki kamili," Ndunge akaniambia. Mimi sikucheka. Nilimwambia mwanangu Musembi anitafutie ndege.

Nyinyi kina mama wa kikundi chetu hapa Kitui mnamjua Mheshimiwa Nzuki, yatima aliyekuja kuwa waziri. Ile hadithi ya kwamba alijifunga kamba tumboni, akanywa maji ya mto na kusoma miaka saba bila chakula cha mchana, niliwasimulia watoto wangu mimi mwenyewe. Ndiyo maana nilisafiri na hasira, na nyingi yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nairobi tulifika alfajiri, mimi na Musembi. Ndani ya ndege walinipa sinia ya chakula. Kijana wa kiti cha pili hakugusa yake, ikarudishwa ikatupwa. Nilitazama mkate ule ukienda nikaanza kutaja moyoni majina ya watoto walioshinda njaa enzi za Nzuki. Nilikuwa nayo yote.

Birmingham niliteremka mchana, jua lipo lakini halina kazi. Ndunge anakaa Kings Heath, anauguza wazee kwenye makao yao, na uso wake umechoka kuliko wao. Kwenye ukuta, juu ya meza ya kusomea, alikuwa amebandika picha ya Nzuki aliyoikata kwenye kalenda ya kanisa. Mumo alinikumbatia. Niliusikia uti wake wa mgongo kwenye viganja vyangu, mfupa kwa mfupa.

"Kwa nini umemwachia akae njaa?" nikamuuliza mamake.

"Mimi simlazimishi. Amejichagulia. Watoto wa huku wamelegea, mama. Huyu ana moyo."

"Ana moyo, hana nyama."

Ndunge akasema yeye mwenyewe alisoma chuo hivyo hivyo, na leo yuko Ulaya. Ukweli ulikuwa mdomoni na nilikuwa naogopa kuutoa.

Siku ya tatu nilipanda basi na Ndunge hadi Small Heath, kutafuta maharagwe ya kuchanganya, kwa sababu mahindi ya muthokoi niliyatoa nyumbani yakiwa yamekobolewa tayari. Barabara ya Coventry ni maduka mpaka macho yachoke. Mwenye duka moja alikuwa Msomali aliyelelewa Garissa, Habiba, akanisalimia shikamoo kama mtoto wa jirani. Alipoona ninavyopima maharagwe akaniuliza, "Kwani mama, huko nyumbani kwa binti kuna njaa?"

"Ipo," nikamwambia. "Imebandikwa ukutani."

Habiba alicheka, Ndunge akanuna mpaka tukafika nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa walikuja marafiki wa Ndunge, Wakamba wenzetu. Nikapakua muthokoi. Kabla ya kula, Ndunge akamsimamisha Mumo asimulie hadithi ya Nzuki. Mtoto akaanza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, mkono tumboni. Alipofika kwenye kamba nikamwambia akae.

"Nzuki alikula," nikasema. "Alikula kila siku."

Nikawaeleza. Mamake Nzuki alipokuwa anakufa, mama yangu alimwahidi kwamba atamlisha mtoto wake. Dada yangu Kalondu alitolewa shule akatwange mahindi, na kila mchana alimpelekea Nzuki muthokoi kwenye kibuyu, nyuma ya vyoo vya shule. Nilikuwa darasa la pili, nilikiona kibuyu kwa macho yangu. Waliokaa njaa darasani ni wengine: Kasyoka, Mbithe, Mutinda, Nduku wa Kyalo, na Muli. Kasyoka na Mbithe waliacha shule. Mutinda alikwenda kuchunga ng'ombe za watu. Nduku aliozwa. Muli alizikwa nikiwa bado darasa la pili. Walikuwa na shida ile ile ya Nzuki, na hakuna aliyewaweka kwenye kalenda. Kalondu amekufa hajui kusoma jina lake.

Watu wakaweka vijiko chini. Ndunge alikuwa ananitazama kama mtu asiyenijua.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Ule mwaka wa ukame ulikuwa na miaka minane, ulikuwa unalia, na sufuria ilikuwa na maji matupu. Nikakupa hadithi ulale."

"Nimeishi kwa hadithi hiyo, mama. Zaidi ya miaka thelathini." Akatoka, akafunga mlango wa jikoni polepole. Afadhali angeubamiza.

Mumo akaniuliza, "Susu, Muli alikuwa na miaka mingapi?" Susu ni nyanya kwetu. Nikamwambia tisa. Akavuta sahani akaanza kula.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Kwenye uwanja wa ndege Ndunge alinibebea mizigo yote, kisha akageuka kabla sijamuaga. Picha ya Nzuki aliiacha palepale. Chini yake Mumo ameandika kwa wino majina sita, Kalondu akiwa wa kwanza.

Nilichojifunza ni hiki, na nakiandika kwa hasira: shida haikumlea Nzuki. Alilelewa na mikono ya Kalondu, na sisi tukaisifu shida.

Ndunge bado hanipigii simu. Lakini saa tisa na nusu alasiri, kwao saa ya chakula cha mchana, Mumo hujificha nyuma ya ukumbi wa shule, maana walimu hawataki simu, akanipigia. Hatuzungumzi sana. Mdomo wake umejaa, na mimi hukaa hapa Kitui, simu sikioni, nikimsikiliza akitafuna.