Tumbawe la Dada Vene

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na kalamu huniendea polepole. Juzi, kwenye televisheni ya kibanda cha chai hapa Ifakara, walionyesha matumbawe ya baharini yaliyofunikwa na mwani, nikashindwa kumaliza chai.

Dada yangu Vene alirudi kutoka Kilwa, alikoolewa, akiwa mgonjwa na amekonda sana. Alikuja na tumbawe jeupe lenye harufu ya chumvi. Alisema zamani lilikuwa hai, lina rangi, kisha bahari ikapata joto likawa jeupe vile. Nilililoweka kwenye ndoo nyuma ya nyumba, kama tunavyoloweka mbegu ya mpunga ili ichipue. Moyoni nilisema, likipona, naye atapona.

Mchana mmoja nililikuta limeota utando wa kijani. Nikalibeba nimelikumbatia hadi mkekani kwake, maji yakinitiririka tumboni.

"Dada, limefufuka."

Alilishika, akalinusa, utelezi ukabaki vidoleni mwake.

"Kweli, mdogo wangu. Nyie wa mpunga hamshindwi kitu."

Nikacheka. Yeye akageukia ukutani, nikadhani ana usingizi.

Juzi walisema tumbawe likishakufa ndipo hufunikwa na ukijani ule. Dada alikuwa mke wa mvuvi, alijua. Hakufikia mavuno.

Wewe msomaji wa pwani, niandikie. Kama umewahi kuona tumbawe lililofunikwa hivyo likapona, hata moja tu, niambie.