Waliojificha Masada

Mchungaji wetu alitembelea Israeli, akarudi mjuaji. Jumapili, katika ukumbi tunaoukodi chini ya magorofa ya Dixon, mtaa wetu huku ughaibuni, alitundika shuka ukutani akatuonyesha picha za Masada: mlima mkavu jangwani, juu yake magofu ya ngome ya Wayahudi wa kale. Alipandishwa na gari la kuning'inia kwenye waya, lakini ukimsikia utadhani aliupanda kwa magoti.

Picha zenyewe zilipendeza, sikatai. Maghala ya chakula, matangi ya maji yaliyochongwa mwambani, na tuta kubwa ambalo Warumi waliowazingira walilijenga ili wafike juu. Kisha akaingia kwenye kisa. Wanaume wa ngome walipoona ukuta umevunjwa, waliua wake zao na watoto, wakauana wao kwa wao, wasichukuliwe utumwani.

"Hao ndio mashujaa! Ni wanawake wawili tu na watoto watano waliojificha kwenye mfereji wa maji chini ya ardhi. Waoga hawakosekani."

"Amina!" shangazi yangu akapaza sauti, huku akimkodolea macho mama.

Damu ilinichemka. Tangu Kongo shangazi anamsema mama kwamba siku walipokuja wenye bunduki alimwacha baba auawe uani, yeye akajificha nami kwenye shimo la maji. Sasa tulikuwa tunaandaa ibada ya kumkumbuka baba, na shangazi alishatangaza kwamba mama asipewe nafasi ya kusema hata neno.

Nikasimama. Nilitaka kumwambia mchungaji kwamba waliochimba pale walikuta mifupa michache, na wataalamu bado wanabishana kama mambo yalikwenda hivyo.

"Keti, binti," mchungaji akanikatiza.

"Siketi ng'o!"

Mama akanivuta sketi, nikakaa. Akasimama yeye.

"Mchungaji, kama wote walikufa, nani alisimulia?"

Mchungaji akapekua karatasi zake weee. "Inasemekana... mmoja wa wale wanawake."

Mama hakushughulika naye tena. Akamgeukia shangazi.

"Wifi, maneno ya mwisho ya kaka yako, yale unayowasimulia watu kila mwaka huku unalia, uliyapata kwa nani?"

Shangazi alifungua mkoba, akaufunga. Siku ya ibada mama ndiye aliyesema, na shangazi alikaa kiti cha nyuma kabisa, amenuna.