Sahani Zisizoitika

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kumkatalia Mwajuma safari ya Pangani, na nikijiambia kwamba nimefanya vyema. Mwajuma ni binti wa marehemu Zuhura, somo yangu. Tulikuwa wajina, ndiyo maana tukaitana somo tangu usichana, na kwa miaka mingi siku zetu za mapumziko zilikuwa na kazi moja: kuzunguka magulio ya pwani ya Tanga tukitafuta vitu vya kale, sahani za kauri, vyetezo vya udi, saa za ukutani zilizokwisha kusimama. Tangu azikwe sijakanyaga gulio lolote.

Jioni ile Mwajuma alinipigia simu. Alisema amekipangusa kikapu cha mamake, kesho anakwenda gulioni Pangani, na akienda peke yake wauzaji watamwuzia vigae. Nikamjibu kwamba nimechoka. Hakubisha. Alisema tu kwa upole, "Haya, mama. Sitakuuliza tena."

Maneno hayo ndiyo niliyolala nayo.

Nikajiona nipo gulioni. Bahari ipo, naisikia, lakini kila nikigeukia upande wake naona migongo ya watu tu. Upepo unanyanyua pembe za maturubai. Somo yuko mbele yangu, anakwenda ule mwendo wake wa mtu asiyetaka kununua. Yeye ndiye aliyenifundisha: ukikipenda kitu, kitazame mwisho, kwa sababu muuzaji husoma macho kabla hajasikia neno. Namwita. Hageuki. Kwamba amekufa na yuko pale, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba ametangulia bila kunisubiri.

Mwanamume mmoja ananyanyua birika la shaba na kumwambia kwamba sultani mwenyewe alipata kulinywea.

"Basi alilowa," somo anamjibu, "maana lina tundu."

Watu wanacheka, nami nacheka nao. Kicheko kinapokwisha nagundua kwamba ni changu peke yangu, na kwamba turubai lililo juu yangu ni dari la sebule yangu.

Sahani zangu zote zimeteremshwa ukutani na kupangwa mkekani. Mimi nimeketi nyuma ya mkeka, ndiye muuzaji. Watu wanapita sebuleni kama njiani, mbele yangu kabisa, na hakuna anayeinama kutazama. Ninajua nikimpata mmoja tu wa kusimama, mambo yatakuwa sawa. Sijui ni mambo gani.

Anayesimama ni somo.

Ananisalimu kama mtu anavyomsalimu muuzaji asiyemfahamu, ananiuliza habari za biashara. Namwambia ni mimi, Zuhura. Ananijibu kwa adabu kwamba hilo ni jina zuri, naye ndilo lake. Kisha anaashiria sahani ya maua ya samawati, ile tuliyoipata pamoja baada ya kutafuta siku nzima juani, na kunitaka niigonge aisikie.

Kama hujapata kununua kauri ya zamani, nitakueleza. Kuna ufa ambao macho hayauoni, kwa kuwa umejaa vumbi la miaka na rangi imeufunika. Kwa hiyo sahani hugongwa ukingoni kwa ukucha, taratibu. Iliyo nzima huitika kwa sauti nyembamba inayokwenda mbali. Yenye ufa hutoa mlio mfupi, mzito, kama ubao. Mwanzoni utakosea, na si vibaya; sikio nalo hujifunza polepole kama mkono.

Nikaigonga. Ikatoa mlio wa ubao.

Nikachukua nyingine, ikawa vilevile. Nyingine tena. Sahani hizi nazijua, kila moja tuliisikiliza sote wawili kabla ya kuitia kikapuni. Jasho linanitoka. Kadiri zinavyokataa ndivyo ninavyozishika kwa nguvu, nisije nikaivunja hata moja mbele yake. Naye amekwisha kukusanya kanga yake, anataka kwenda zake.

"Zote mbovu?" ananiuliza.

Nataka kusema hapana, nazidi kuikaza sahani mikononi.

Hapo akaketi. Akaketi mkekani kabisa, goti lake likigusa langu, akauchukua mkono wangu na kuanza kunikunjua vidole, kimoja baada ya kingine. Nikaona nilichokuwa nikifanya. Ni kosa la mgeni katika kazi hii, kosa nililowasahihisha watu wengi kwa mdomo wangu mwenyewe: nilikuwa nimeikumbatia sahani kwa kiganja kizima. Kiganja humeza sauti. Sahani hukalishwa juu ya ncha za vidole, kama isiyoshikwa, ndipo husema ukweli wake.

"Unaibana, somo," akasema.

Akaigonga yeye. Sahani ikaitika, na zile za mkekani zikaipokea, sauti ikavuka ukuta ikaenda zake mtaani. Akaniangalia, na sasa ananijua. Nikataka kumwambia yote niliyomwekea: kwamba nyumba imekuwa kimya, kwamba nikisema neno la kipumbavu hakuna wa kunibishia. Akatikisa kichwa, kama mtu ambaye habari hizo amekwisha kuzipata.

"Mwanangu naye anazibana," akasema. "Nani atamwonyesha?"

Nikamwuliza kama atafuatana nasi. Goti langu likasikia ubaridi mahali lilipokuwa lake.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na chumba kilikuwa na mimi tu. Nililala vile kwa muda, kwa sababu mtu akikutoka mara ya pili huwezi kusimama papo hapo. Kisha nikampigia Mwajuma. Alipokea kwa hofu, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, kisha nikamwuliza amefika wapi. Alikuwa stendi, gari halijajaa.

"Niwekee kiti," nikamwambia. "Na tukifika, usiguse sahani yoyote mpaka nikushike mkono."