Mtaa wa Wanne Wanne

Bi Pindo alikuwa amechoka kabla hata jua halijapanda. Miguu ilimvimba ndani ya viatu vya kuazima, lakini miguu ni miguu, jioni unaichovya kwenye maji ya chumvi yanaisha. Kilichomchosha ni kuusikia uongo mmoja mlango kwa mlango na kuuandika kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa karani wa sensa. Kizibao cha serikali kilimpwaya mabegani, kishikwambi kilimtoa jasho viganjani, na mbele yake alitangulia Mzee Funguo, mwenyekiti wa mtaa, rundo la funguo likilia kiunoni kila alipopiga hatua.

"Usiku wa kuamkia sensa mlilala wangapi humu ndani?"

"Wanne, karani."

Wakahamia chumba cha jirani. "Wanne." Cha pili yake, wanne. Ungedhani watu wa mtaa ule huzaliwa kwa seti, kama vikombe.

"Unaona?" Mzee Funguo alisema, akijifuta shingo. "Wapangaji wangu wana adabu. Hawajazani."

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Mwenyekiti wa mtaa ndiye huyo huyo mwenye nyumba. Vyumba vingi vya pale ni vyake, vile vyenye paa la bati na mlango mmoja vilivyoshikana mgongo kwa mgongo, na sheria yake ilikuwa moja: chumba watu wanne. Wa tano akionekana, mpangaji atafute kwa kwenda. Watu wakakubali, maana pa kwenda hapakuwapo, kisha wakaishi kama wanadamu wanavyoishi: wakazaa, wakafiwa na ndugu wakarithi yatima, wakaletewa mama mgonjwa. Waliozidi wakafichwa. Watoto wa mtaa ule walijua mlio wa funguo kabla hawajajua kusema "baba". Ukisikika tu kwenye kona, huyu yuko nyuma ya pazia, yule kachupa dirishani, na ua linabaki kimya kama maji mtungini.

Mama Pacha, kwa mfano, alikaa chumba cha pembeni karibu na bomba. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, Mzee Funguo mwenyewe akiwemo, na bado kwa hesabu aliyompa mwenye nyumba mama huyo hakuwa na pacha. Pacha walikuwa mvunguni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mzee Funguo alikuwa na mgongo mbovu.

Bi Pindo alikuwa akiyajua haya yote, kwa sababu kazi yake ya siku zote ni cherehani. Ndiye aliyewashonea watoto wa pale sare za shule, ndiye aliyezipinda kaptura za kaka zikawa za wadogo zao, na jina lake alilipata kwenye mapindo hayo. Mlango ukimwambia "watoto wawili," vidole vyake vinakumbuka viuno vitano. Lakini afanyeje? Sheria ya kazi inasema andika unachoambiwa. Akaandika wawili, akasogea mlango unaofuata.

Na asisingiziwe utakatifu. Kwake pia waliandikishwa wanne. Kwa Mzee Funguo alijulikana yeye, mdogo wake anayefua nguo za watu, na watoto wawili wakubwa wa huyo mdogo. Wasiojulikana walikuwa watatu: mtoto wa mwisho wa mdogo wake, kitinda mimba wake yeye mwenyewe, na mjukuu.

Mjukuu huyo ndiye aliyemfanya aombe ukarani. Mama yake, binti wa kwanza wa Bi Pindo, alishikwa na uchungu mchana kweupe. Mtaa haukuwa na zahanati. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limeondoka na maji. Wakazunguka naye juu, kwenye daraja la lori, wakambeba kwenye godoro. Mtoto alifika mzima, mama alifika amekwisha. Baada ya msiba wanawake walikwenda ofisini kuuliza kwa nini mtaa wao hauna zahanati. Bwana mmoja mpole aliwafungulia karatasi za sensa iliyopita na kuwaonyesha: kwa idadi yao hawastahili zahanati, wanastahili kutumia ya mtaa mwingine. Alisema kwa huruma, hata akawapa maji ya kunywa. Bi Pindo alirudi nyumbani na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Walikuwa wengi kama siafu, na kwenye karatasi walikuwa wachache kama wazee wa kanisa.

Basi tangazo la makarani lilipotoka likitaka wenyeji waliomaliza shule, aliifunika cherehani yake akaenda. Alidhani uongo ule ulitokana na makarani wa kuja, waliohesabu mapaa kwa mbali wakaondoka. Sasa karani alikuwa yeye, mwenyeji, na uongo ulikuwa uleule.

Mchana ule simu ya msimamizi wake ikaita. Msimamizi alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya mtu asiyelala.

"Mama, hizi takwimu zako zimekaaje? Kaya zote watu wanne?"

"Ndivyo wanavyosema, mwanangu."

"Na wewe unaamini?"

Bi Pindo alijifuta viganja kwenye kizibao.

"Nani anakuwepo wakati unawauliza?"

"Mwenyekiti."

"Mama! Kwenye mafunzo tulisema nini? Mwenyekiti anakutambulisha, basi. Akishakutambulisha anakaa mbali. Majibu ni siri ya mtu. Rudia kaya zote, na mwenyekiti abaki nje. Kesho mchana nitakuja mwenyewe."

Abaki nje. Neno jepesi kulisema kwenye simu. Darasani waliandika wote, "mwenyekiti abaki nje," na hakuna aliyecheka, kwa sababu darasani hakukuwa na mzee aliyesimama juani. Mtaani ni mambo mengine. Mtu mzima amefika mlangoni pako, kavua kofia, kakusalimia. Utamwachaje nje kama mdai? Kila alikofika Mzee Funguo alikaribishwa ndani, akapewa kiti, na mara nyingi kiti ni kimoja, karani akauliza maswali amesimama. Watu wale waliukosa ukweli kwa kuwa na adabu.

Asubuhi Bi Pindo alipiga moyo konde. Walipofika kwa Mama Pacha akageuka.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Naomba nikuombe kitu, usichukie. Ubaki hapa nje kidogo."

"Nje?" Mzee Funguo alimtazama kama aliyesikia cherehani ikisema. "Nje ya nyumba yangu?"

"Ndiyo taratibu, mzee. Wamesema majibu yawe siri."

"Siri gani tena, fundi? Mimi hapa kuna nisichokijua?"

Kabla hajajibu, Mama Pacha alikuwa amekwisha toka na kiti, uso umemwiva kwa aibu. "Karibu mzee, karibu ndani, jua kali. Usimsikilize huyu, kazi ya serikali imempanda kichwani." Akakifuta kiti kwa upindo wa kanga. Mzee akaingia, akakaa, funguo zikatulia mapajani. Bi Pindo akauliza. Wanne. Mvunguni mtu akapiga chafya, na wote watatu wakaitazama dari.

Hivyo hivyo mlango wa pili, hivyo hivyo wa tatu. Kufika saa sita alikuwa amerudia nyumba nyingi na hajapata hata mtoto mmoja wa nyongeza. Alikaa kwenye jiwe karibu na bomba, akavua viatu, akatamani kulia ila alikuwa amechoka mno. Kila alipofumba macho aliliona godoro. Akawaza kurudisha kizibao na kurudi kwenye sare zake. Mtu mmoja anabadili nini? Na yeye mwenyewe, ambaye kitinda mimba wake alikuwa wakati huohuo nyuma ya pazia kwa sababu funguo zilisikika, ana mdomo gani wa kumlaumu Mama Pacha?

Msimamizi alifika mchana ule kama alivyosema, amechafuka vumbi mpaka kope. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Basi tuanze na kaya yako. Karani hajihesabu, mimi ndiye nitakuhesabu."

Wakaenda uani kwake. Wanawake walikuwa wakianika nguo, wengine wanasubiri maji. Mzee Funguo alifuata, na mdogo wake Bi Pindo, kwa adabu ileile, akamtolea kiti. Akakaa katikati ya ua.

"Kaya hii, usiku wa kuamkia sensa mlilala wangapi?"

"Wan..." mdogo wake alianza.

"Saba," Bi Pindo alisema.

Ndoo ilikuwa ikijaa bombani; ikafurika na hakuna aliyefunga bomba.

"Umesema?" Mzee Funguo aliuliza.

"Saba, mzee wangu." Maji yakishamwagika hayazoleki. Akageukia mlangoni. "Tokeni. Tokeni wote, hakuna wa kuwapiga." Pazia likatikisika. Akatoka kitinda mimba, akatoka binamu yake, na mwisho akatoka mjukuu, anafumba macho kwa mwanga, ana kaptura iliyopindwa mara mbili. "Huyu ni wa binti yangu. Unamkumbuka binti yangu, mzee. Ulikuja mazikoni ukatoa rambirambi, Mungu akulipe. Huyu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, wewe unatupa pole."

Mzee Funguo alikitazama kitoto kile. Hakuwa mtu mbaya kupita kiasi. Alikuwa mwenye nyumba. "Nilisema wanne," akatamka taratibu.

"Ulisema. Na sisi tukasema. Tumesema mpaka tumepungua."

"Mwezi ukiisha, nipe ufunguo wangu."

"Nitakupa."

Mdogo wake alianza kulia, kilio cha chinichini, akiwa bado ameshika kamba ya nguo. Msimamizi aliandika. Bi Pindo alisimama tu. Hakujisikia shujaa. Alijisikia mjinga aliyewatoa watoto nje ya paa kwa neno moja, na aliwaza watalala wapi.

Ndipo Mama Pacha alipofunga bomba.

"Wee binti," alimwambia msimamizi, "ukimaliza hapo uje kwangu. Kwangu tuko sita."

"Leo asubuhi mlikuwa wanne," Mzee Funguo alisema.

"Mficha uchi hazai, mzee, na mimi nimeshazaa. Tena kwa mkupuo." Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. "Na pacha wangu wana vikohozi kwa vumbi la mvungu. Wakiugua nitawapeleka zahanati ipi?"

"Kwangu tisa," mtu alisema kutoka kwenye foleni ya maji, bila kugeuza uso. Mwanamke mwingine alisema ana mama mkwe. Mwingine alinong'ona tu, akinyoosha vidole.

Mzee Funguo aliinuka kufuatana nao kwa Mama Pacha, kwa mazoea. Wakaingia msimamizi, karani na mwenye chumba, na mlango ukarudishwa. Akasimama nje juani na funguo zake. Hakuna aliyemkaribisha, na pengine hilo ndilo lililomuuma kuliko idadi. Walihesabu mpaka jua likatua. Wengine hawakusema ukweli hata hivyo. Hofu haitoki mtu kama kamasi. Ila waliosema walikuwa wengi.

Mwezi ulipoisha Mzee Funguo hakumfukuza Mama Pacha, wala wa tisa, wala wa mama mkwe. Angewafukuza wote vyumba vingebaki na panya. Lakini mtu mwenye cheo hawezi kutoka mikono mitupu. Alimfukuza mmoja. Bi Pindo alimpa ufunguo mkononi, akamshukuru kwa miaka yote, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akajitwika kichwa cha cherehani, na watu saba wakavuka mto kwenda mtaa mwingine, kwenye chumba kidogo kuliko kile.

Zahanati ilikuja, si kwa haraka. Waliijenga karibu na lile bomba. Siku ya kufunguliwa hakualikwa, na kusema kweli angealikwa asingekwenda. Alikuwa na sare za kumalizia. Alikwenda mjukuu alipopatwa na homa, kwa sababu huko alikohamia hakuna zahanati, na hospitali iko mbali zaidi. Alikaa kwenye benchi toka asubuhi, mjukuu kamlalia mapajani, mgongo unamuuma. Mama Pacha alikuwapo na mtoto mchanga, akamsogezea nafasi, wakashikana mikono.

Zamu yake ilipofika, muuguzi alimtazama juu ya miwani.

"Mama, unatoka mtaa gani?"

Akautaja.

"Ng'ambo tena!" Muuguzi alipumua kwa uchovu, uchovu ambao Bi Pindo aliutambua. "Mnanimalizia dawa za watu wa hapa. Na nimeangalia takwimu za huko kwenu, mko wachache tu. Mbona mnakuja wengi hivi?"

Bi Pindo alimnyanyua mjukuu, akamweka vizuri begani.

"Mpime mtoto, mwanangu," alisema. "Huko kwetu bado hajapatikana mtu wa kufukuzwa."