Kufuli la Mlango wa Mbele

Sogeza kiti, msikilizaji wangu, hasa wewe unayefanyia kazi nyumbani na kuambiwa kila siku kwamba huna kazi. Nitakueleza polepole jinsi nilivyolipa kisasi hapa Ngokolo bila kumtukana mtu.

Kazi yangu ni kusikiliza. Ofisi moja ya watafiti hunitumia sauti za wakulima waliohojiwa kwa Kisukuma, nami naziandika kwa Kiswahili. Anayenichungulia dirishani anaona mwanamke mwenye khanga, ameziba masikio, ameikodolea kompyuta macho. Jirani yangu, mama wa umri wa mama yangu ambaye tunatumia naye ua mmoja, alinichungulia hivyo miezi mingi, akaamua kwamba mimi nipo tu.

“Mwangaluka, mwanangu,” alinisalimia kila asubuhi kwa Kisukuma. “Si upo tu? Niangalizie michembe.”

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Wa huku hahitaji kuambiwa. Wa mbali ajue kwamba mbuzi wanaipenda kuliko sisi. Alikuwa akiitandaza kwenye turubai chini ya dirisha langu, kisha anakwenda kwa dada yake Ibadakuli hadi mchana. Ningekataaje? Mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi humgeukii saa hiyo hiyo ukamwambia hapana. Basi nikawa navua hedifoni, natoka na ufagio, nafukuza, narudi, nimeshasahau mzee wa kwenye sauti alisema nini kuhusu pamba yake.

Siku moja nilitakiwa kutuma kazi saa sita mchana. Asubuhi ile nilifukuza mbuzi, nikampokelea jirani mtungi wake wa gesi, nikamfungulia fundi wake wa bomba. Nikatuma saa kumi. Mkuu wangu alipiga simu akiwa mpole kabisa.

“Dada, nitakupa sauti moja ya mwisho. Ijumaa, saa sita. Ikichelewa na hiyo, tutaachana kwa amani.”

Nilipokata simu, jirani alikuwa uani anageuza michembe, anamwambia mgeni wake, “Huyu binti ananisaidia sana. Hana kazi, maskini.”

Hilo neno maskini nililala nalo, nikaamka nalo, wiki nzima.

Ijumaa nilivaa gauni la kola na viatu vya visigino, nikabeba mkoba. Nilifunga mlango wa mbele kwa kufuli, kwa nje, taratibu, ili jirani alisikie likilia.

“Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Kazini, mayu,” nilimjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

“Na michembe?”

“Leo itajiangalia yenyewe.”

Akacheka. “Utarudi sasa hivi. Nakujua.” Akatandaza turubai lake, akaenda zake.

Nilizunguka nyuma ya choo, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikavuta pazia. Simu niliizima, nikaifukia kwenye ndoo ya mchele. Asubuhi ambayo hakuna anayekuita ni ndefu ajabu. Hadi saa nne nilikuwa nimevuka nusu ya kazi.

Ndipo mbuzi wakaja. Nilivua hedifoni, ila sikuinuka. Nilitaka kuwasikia. Michembe mikavu ikitafunwa hulia kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Nilijipa dakika mbili za kusikiliza, nikazifaidi zote, kisha nikaziba masikio nikaendelea. Saa tano na nusu kazi ilikuwa imekwenda.

Niliposikia sauti ya jirani nilitoka tena kwa nyuma, nikatokea getini na mkoba wangu. Alikuwa amesimama juu ya turubai tupu.

“Ina maana hapakuwa na mtu hapa?”

“Kufuli uliliona, mayu. Pole sana.”

Alivitazama viatu vyangu. “Kumbe una kazi.”

“Ninayo.”

“Tangu lini?”

“Kabla hujahamia.”

Najua nilipaswa kuona aibu. Naitafuta hadi leo. Jumatatu ofisi ilinitumia sauti nyingine sita, na turubai likahamia upande wa pili wa ua, chini ya dirisha lake mwenyewe.

Basi nawe kesho, kabla ya saa mbili, vaa viatu, funga mlango wa mbele kwa kufuli la nje, ingilia jikoni, zima simu uifukie kwenye mchele. Usiifukue mpaka kazi iwe imekwenda.