Mazoezi ya Kuhamia Ureno

Naomba mnicheke taratibu. Mimi na mke wangu tunapanga kuhamia Ureno, ambako kodi ya nyumba ni nafuu na watu wanaishi bila gari. Hatukuwa tumemwambia mtu. Jumapili iliyopita nikaanza mazoezi: nikaacha gari nyumbani hapa Arlington, Marekani, nikaenda kanisani kwa miguu.

Kila Mkenya aliyepita alisimama. "Baba Imani, ingia nikudrop."

"Asante, natembea tu," nilijibu nikitabasamu, jasho likinitiririka na viatu vikinibana. Waliniangalia sana. Nikadhani wananionea wivu.

Nilipoingia kanisani, mchungaji alikuwa ameshika kikapu. "Ndugu yetu anaona haya kutuambia gari yake imechukuliwa na benki. Tusimame naye."

Watu wakapanga foleni kunichangia. Mama mmoja mzee alikuwa analia. Kueleza kungefichua siri ya Ureno, kwa hiyo nikainama kulegeza viatu.

Ndipo mke wangu akaingia, ametoka zamu hospitalini. "Mnachangia nini?"

"Gari ya Baba Imani."

"Gari gani tena? Si iko nyumbani, na nimeijaza mafuta jana!"

Kanisa zima likanigeukia. Ikabidi niseme yote, hadi Ureno.

Yule mama mzee akafuta machozi, akaitazama miguu yangu. "Basi mwachieni hizo pesa. Hata huko Ureno atahitaji viatu."